Ungo na Mbaazi: Jinsi Umbali wa Jua Ulivyopimwa Bila Kamba



Mazungumzo yangu ya leo yahusu swali linaloulizwa mara nyingi barazani. Kijana arudi kutoka shuleni, awaambia wazee kwamba jua liko mbali nasi maili 93,000,000. Mzee mmoja amtazama, kisha amwuliza: "Ni nani aliyekwenda huko na kamba?" Watu hucheka, na kijana hunyamaza, maana katika kitabu chake hesabu imeandikwa tu, haikuelezwa ilivyopatikana. Mimi naona swali la mzee ni jema kuliko jibu la kijana. Mtu akikutajia urefu wa shamba lake, una haki ya kumwuliza amelipimaje. Basi leo nitajaribu kumjibu mzee yule. Kamba haikwenda. Walikwenda watu wenye saa na darubini, wala hawakupaa juu. Walisafiri baharini, na wengine wao hawakurudi kwao.

Kwanza yafaa tujue jua lina jamaa gani. Ukitazama mbingu usiku utaona nyota nyingi sana ambazo hazibadili mahali pake kati yao. Kilimia, ambayo wakulima wetu waliitumia tangu kale kujua majira ya kulima, ni fungu lile lile aliloliona babu ya babu yako. Nyota hizo huchomoza mashariki na kutua magharibi pamoja, kama kundi la ng'ombe waendao malishoni bila mmoja kumpita mwenzake. Lakini ziko chache zisizofuata kundi. Leo utaiona moja karibu na nyota fulani, na baada ya mwezi utaikuta imesogea. Hizo huitwa sayari, na asili ya neno lenyewe ni kitu kiendacho.

Zionekanazo kwa macho matupu ni tano: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Dunia yetu nayo ni sayari. Nyingine mbili, Uranus na Neptune, zilijulikana baadaye kwa darubini, ya kwanza mwaka 1781, na ya pili mwaka 1846. Jumla yake ni nane, na zote zalizunguka jua kwa kufuata upande mmoja. Hazina nuru yao wenyewe. Zang'aa kama ukuta uliopakwa chokaa ung'aavyo ukipigwa na jua. Mtasikia pia jina la Pluto. Hicho ni kitu kidogo kilicho mbali sana, nacho tangu mwaka 2006 hakihesabiwi tena pamoja na hizi nane. Na katika vitabu vingine vya shule mtakuta Pluto ameitwa Utaridi. Msikubali; Utaridi tangu zamani, kwa watu wajuao falaki, ni ile iliyo karibu na jua kuliko zote.

Sasa tuishike Zuhura, maana ndiyo ufunguo wa habari yetu. Kila mtu ameiona. Hung'aa kuliko nyota zote, mara magharibi baada ya magharibi kuingia, mara mashariki kabla ya kupambazuka. Watu wengi wa kale walidhani ni nyota mbili, wakazipa majina mawili. Kumbe ni moja, na mtu yeyote aweza kuhakikisha kwa mkono wake mwenyewe. Nyosha mkono mbele yako, ukunje ngumi. Ngumi hiyo yafunika mbingu kiasi cha digrii 10. Kutoka upeo wa macho hadi utosini ni ngumi 9. Wakati Zuhura iko upande wa jioni, ngoja jua lizame, kisha upime ngumi ngapi ziko kati ya Zuhura na mahali jua lilipozama. Fanya hivyo kila juma. Utapata ngumi 2, baadaye 3, baadaye 4, na zaidi kidogo. Lakini ngumi 5 kamili hazifiki kamwe. Kisha yaanza kurudi, yakaribia jua, yapotea katika mwanga wake, na baada ya siku chache yaonekana alfajiri upande wa pili. Ndiyo maana hukuna mtu aliyepata kuiona Zuhura utosini usiku wa manane katika nchi zetu.

Sababu yake ni nini? Fikiri mbuzi aliyefungwa kwa kamba kwenye kigingi, nawe umesimama mbali, nje ya kamba yake. Mbuzi azunguka kigingi akila majani. Utamwona akienda mkono wa kuume wa kigingi, kisha mkono wa kushoto, wala hatapita mpaka wa kamba. Nawe, kwa kutazama tu jinsi anavyokwenda mbali na kigingi, waweza kujua urefu wa kamba yake ukilinganishwa na umbali wako wewe na kigingi. Kigingi ni jua, mbuzi ni Zuhura, na wewe ni dunia. Waliopima walikuta kwamba, tukiugawa umbali wetu na jua katika sehemu 100, kamba ya Zuhura ni sehemu 72. Kwa Utaridi ni sehemu 39. Nicolaus Copernicus alieleza mambo haya katika kitabu chake cha mwaka 1543, na Johannes Kepler, mwaka 1619, alitoa kanuni yake ya kulinganisha umbali wa kila sayari na muda wa safari yake.

Lakini angalieni walichokuwa nacho, na walichokosa. Walikuwa na ramani nzuri iliyochorwa kwa uangalifu, ila pembeni haikuandikwa inchi 1 ni maili ngapi. Walijua kwamba Mshtarii iko mbali na jua mara tano na zaidi kuliko sisi. Lakini umbali wetu wenyewe hawakuujua kwa hakika. Umbali mmoja tu ukipimwa, mwingine wote ungefuata.

Mpima ardhi akitaka kujua upana wa mto hana haja ya kuvuka na kuwapa mamba chakula. Huuchagua mti mmoja ng'ambo, huutazama kutoka mahali pawili upande wake mwenyewe, hupima kati ya mahali pawili hapo kwa mnyororo, na hesabu humpa upana. Nanyi mwaweza kuona asili ya jambo hilo sasa hivi mlipokaa. Simamisha kidole gumba mbele ya uso, ufumbe jicho moja, kisha ulifumbue na kufumba la pili. Kidole chaonekana kuruka kutoka upande hadi upande mbele ya ukuta. Kilete karibu na pua, kitaruka zaidi. Kipeleke mbali, kitaruka kidogo. Kuruka huko ndiko kipimo cha umbali. Shida ya falaki ni kwamba sayari ziko mbali mno, na macho ya mtu yamekaribiana mno. Ilibidi macho mawili yawekwe mbalimbali kwa maelfu ya maili, yaani mtu mmoja kaskazini ya dunia na mwingine kusini, nao watazame kitu kimoja siku moja. Tena nyuma ya kitu hicho lazima uwepo ukuta ambao waweza kupimia kuruka kwake.

Mwingereza Edmond Halley alieleza mwaka 1716 ukuta huo utapatikana wapi. Mara chache sana Zuhura hupita kati yetu na jua sawasawa, hata ikaonekana kama doa jeusi la mviringo likitambaa mbele ya uso wa jua kwa muda wa saa kadhaa. Hapo jua lenyewe ndilo ukuta. Aliye kaskazini huliona doa likipita katika mstari mmoja, na aliye kusini huliona katika mstari mwingine. Basi muda wa kupita kwake hautakuwa sawa kwa wote wawili, na tofauti hiyo yapimika kwa saa nzuri. Halley alijua kwamba jambo hilo litatokea mwaka 1761 na tena mwaka 1769, na kwamba yeye mwenyewe hatakuwapo. Alikufa mwaka 1742. Aliwaachia wengine kazi.

Mwaka 1761 ulipofika, mataifa ya Ulaya yalituma watu pande nyingi, ijapokuwa Waingereza na Wafaransa walikuwa vitani. Charles Mason na Jeremiah Dixon walitoka Uingereza kwenda Sumatra. Merikebu yao ikashambuliwa na manowari ya Wafaransa, watu wakafa, na mwishowe wakapimia kazi yao katika Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika.

Nataka kukaa kidogo na Mfaransa mmoja, Guillaume Le Gentil, maana habari zake ni za bahari yetu hii ya Hindi. Alitoka kwao mwaka 1760, akafika kisiwa cha Mauritius, nia yake ni kwenda Pondicherry katika Bara Hindi. Alipokaribia pwani ya huko alipata habari kwamba mji umekwisha kutekwa na Waingereza, na merikebu ikageuzwa. Siku ya 6 Juni 1761 ikamkuta katikati ya bahari. Mbingu zilikuwa safi, na Zuhura akaiona kwa macho yake ikipita mbele ya jua. Lakini juu ya chombo kinachosukwasukwa na mawimbi hakuna kipimo cha kutegemewa, na mahali penyewe alipokuwa hapakujulikana sawasawa. Akaona, asiweze kupima.

Mtu mwingine angalirudi kwao. Yeye alihesabu kwamba Zuhura itapita tena baada ya miaka 8, akaamua kungoja. Miaka ile aliizunguka Bukini, yaani Madagaska, na visiwa vya jirani, akichora ramani na kuandika habari za pepo na maji. Alikwenda hata Manila; kisha akaenda Pondicherry, ambayo ilikuwa imerudishwa kwa Wafaransa. Akajenga mahali pa kutazamia, akaweka darubini zake tayari, na asubuhi nyingi kabla ya siku yenyewe zilikuwa nzuri. Alfajiri ya 4 Juni 1769 wingu likatanda. Zuhura ikapita nyuma ya wingu lile. Ilipokwisha kupita, jua likatoka, likang'aa siku ile yote. Baadaye alipata habari kwamba huko Manila, alikotoka, mbingu zilikuwa safi. Alifika kwao mwaka 1771 akakuta amehesabiwa kuwa maiti. Warithi walikuwa wakitaka kugawana mali yake, na kiti chake katika chuo cha wataalamu alikuwa amepewa mwingine. Ilimbidi aende mahakamani. Kiti alikipata tena, akaoa, akaishi hata mwaka 1792.

Wengine mwaka ule wa 1769 walifaulu. Kapteni James Cook alipeleka watazamaji katika kisiwa cha Tahiti, kusini katika bahari ya Pasifiki. Maximilian Hell alitazama kutoka Vardø, kaskazini kabisa mwa Norwe. Mfaransa Jean Chappe alitazama huko California, akapata vipimo vizuri, na kabla ya miezi mitatu kupita akafa kwa ugonjwa uliokuwa umeenea mahali pale pamoja na wengi wa watu wake. Vipimo vyake vikafika Paris bila yeye. Hata waliofaulu walisumbuka, maana Zuhura ilipogusa ukingo wa jua haikuachana nao mara moja, bali ilinata kama tone la asali linalokawia kudondoka, na watu wawili waliosimama mahali pamoja waliandika saa zisizolingana.

Hesabu zote zilikusanywa, na mwaka 1771 Jérôme Lalande wa Paris akatoa jibu: yapata maili 95,000,000. Twajua leo kwamba umbali wa kadiri ni maili 92,956,000. Kosa lao ni kama maili 2 katika kila 100. Mimi nastaajabu. Kuna mashamba yaliyopimwa kwa kamba yenye kosa kubwa kuliko hilo.

Zuhura ilipita tena mwaka 1874 na 1882, kisha mwaka 2004 na 2012. Ile ya 8 Juni 2004 ilionekana hapa Afrika ya Mashariki tangu mwanzo hata mwisho, toka saa 2 asubuhi mpaka saa 8 na nusu mchana. Ijayo ni ya mwaka 2117. Lakini wakati huo haihitajiki tena kwa kupimia, maana mwaka 1961 ilipatikana njia nyingine. Mawimbi yaliyo jamaa ya haya yaletayo sauti yangu kwenu yalielekezwa kwenye Zuhura, yakaigonga, yakarudi kama mwangwi urudivyo kutoka mlimani. Mawimbi hayo hukimbia maili 186,000 kwa sekunde 1. Kwenda na kurudi yalichukua yapata dakika 5, na kutokana na muda huo umbali ukajulikana barabara. Kwa hiyo, mzee akiuliza tena juu ya kamba, mwanafunzi aweza kumwambia kwamba kamba ilipatikana mwishowe, nayo ni hii hii ya redio.

Lakini maili 93,000,000 ni maneno tu, hata ukijua yalivyopatikana. Na picha za vitabuni zadanganya, kwa kuwa zaonyesha sayari zimepangwa pamoja kama ushanga. Walimu, nawaomba mjaribu jambo hili na watoto katika barabara iliyonyoka. Hakuna gharama.

Chukueni ungo wenye upana wa futi 2, mwutundike mtini mwanzo wa barabara. Huo ni jua. Toka hapo mhesabu hatua za mtu mzima, kila moja futi 2 na nusu. Hatua ya 33 wekeni punje ya ulezi: Utaridi. Hatua ya 62 wekeni mbaazi: Zuhura. Hatua ya 86 wekeni mbaazi nyingine, kubwa kidogo tu. Hiyo ndiyo dunia yetu, pamoja na bahari zake zote, na Kilimanjaro, na watu wote. Mwezi ni punje ya ulezi ndogo, inchi 6 na nusu kutoka kwenye mbaazi ile, na hapo ndipo mahali pa mbali kuliko pote ambapo mwanadamu amepata kukanyaga, mwaka 1969.

Simameni kidogo kwenye mbaazi hiyo, mgeuke nyuma, mwutazame ungo. Utaonekana sawasawa na ukubwa wa jua mbinguni. Haiwezi kuwa vingine ikiwa tumepima vema, na hapo mwanafunzi mwenye shaka atapata kushuhudia mwenyewe. Ila ukubwa wa jua alinganishe kwa kukumbuka tu, au wakati wa ukungu wa asubuhi wakati jua limefifia kama mwezi. Jua likali lisitazamwe hata mara moja kwa macho matupu, wala kwa kioo cheusi cha chupa, na kwa darubini ndiyo kupofuka kabisa. Atakaye kuliona alitoboe karatasi tundu dogo, aache mwali wake uanguke juu ya karatasi ya pili.

Mbaazi zile mbili karibu zinalingana, na hatua 24 tu ziko kati yake. Lakini juu ya Zuhura joto lapita digrii 460 za Selsiasi, hata risasi ingeyeyuka, kwa sababu hewa yake nzito yalifunika joto kama kifuniko cha chungu. Katika njia yote hii mtakayotembea, mbaazi ya hatua ya 86 ndiyo peke yake yenye bahari wazi na mvua ya maji.

Endeleeni. Hatua ya 131, punje ya uwele: Mirihi. Toka hapo watoto wataanza kulalamika, maana barabara ni tupu hata hatua ya 447, mtakapoweka chungwa dogo: Mshtarii, ambayo huzunguka jua kwa miaka karibu 12. Hatua ya 820, ndimu kubwa: Zohali. Hatua ya 1,650, zambarau: Uranus. Na zambarau ya mwisho, Neptune, hatua ya 2,585, maili 1 na karibu robo kutoka kwenye ungo. Hapo ungo ni nukta tu, na wenye macho mazuri pekee watauona. Zambarau hiyo huchukua miaka 165 kuuzunguka mara moja. Tangu ilipogunduliwa mwaka 1846, ilimaliza mzunguko wake wa kwanza mwaka 2011.

Mtoto mwerevu atauliza: ungo wa pili uko wapi? Maana kila nyota ni jua. Mwonyesheni upande wa kusini Msalaba wa Kusini, na zile nyota mbili zing'aazo zinazouelekea. Ile iliyo mbali zaidi na Msalaba ni miongoni mwa majirani zetu wa karibu kabisa, nayo ni nyota mbili zilizo pamoja, moja ikilipita jua letu kidogo kwa ukubwa. Ikiwa ungo wenu mmeutundika Tanga, ungo wa nyota hiyo hauwezi kutundikwa popote Afrika, wala Bara Hindi, wala Uchina. Itawapasa kwenda maili 11,200, mvipite visiwa vya Hawaii katika bahari ya Pasifiki, ndipo muutundike.